Tangi la Maji ya Bahari la Mtumba: Dalili Unazoziona na Chanzo Chake

Tangi la maji ya bahari likishatumiwa na mtu mwingine huja na mambo yake. Kioo kinaweza kung'aa na stendi ikawa imepakwa rangi juzi, lakini mchanga, mawe, silikoni (gundi ya maungio ya kioo) na pampu vimebeba yote yaliyofanyika humo kabla yako: dawa iliyotiwa, samaki aliyeozea nyuma ya jiwe, miezi ambayo tangi lilikaa kavu juani. Matatizo mengi yanayomkuta mnunuzi mwezi wa kwanza hayakuanzia kwake. Kwa hiyo kila dalili nitakayoitaja hapa naifuata nyuma hadi ilikotoka, na nakuomba usitie dawa yoyote majini kabla hujapima na kujua unatibu nini.

Mfano wangu ni tangi nililonunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anahama. Lina urefu wa sentimita 120, upana 45, kimo 50, kioo cha milimita 10. Lilikuja na pampu mbili, skima (kile kifaa cha kutengeneza povu linalobeba uchafu), taa, mchanga ndani ya ndoo na mawe ndani ya viroba. Kabla ya kulipa niliuliza maswali manne ambayo na wewe uyaulize: limekaa kavu muda gani, limewahi kuvuja, samaki wa mwisho walikufa au walihamishwa, na dawa gani imewahi kutiwa. Matatu ya kwanza yalijibiwa vizuri. La nne nilijibiwa hivi: "Kidogo tu kaka, ya vidoa, zamani sana." Nikaridhika. Jibu hilo nitalirudia.

Chini pameloa, au chumvi nyeupe imeota kwenye maungio

Tangi hujaribiwa nje, chini, mahali palipo sawa, kabla halijaingia ndani ya nyumba. Hili langu hubeba lita 270, na maji ya bahari ya ujazo huo ni kama kilo 277. Ukijumlisha kioo, mchanga na mawe unakaribia kilo 400. Tandika magazeti, weka tangi juu yake, tia maji ya bomba theluthi moja, ngoja saa kadhaa, ongeza theluthi nyingine, mpaka lijae. Pitisha tishu kavu kwenye kila ungio, kisha liache siku mbili au tatu. Gazeti litakuonyesha pembe yenye kasoro.

Kama sakafu imeloa lakini maungio yote ni makavu, chanzo kiko kwingine: mpira uliolegea, valvu, skima iliyofurika, au waya. Maji ya chumvi hutambaa juu ya waya na kuacha ganda jeupe njiani, halafu hudondoka mbali na yalikotokea. Lakini ukiona mstari mweupe wa chumvi nje ya ungio, ukaufuta, na kesho yake ukarudi palepale, hapo tangi linavuja polepole mno kiasi kwamba maji yanakauka kabla ya kudondoka. Wauzaji wengi hufuta mstari huo. Angalia kwa tochi, kwa ubavu, hasa pembe za chini.

Silikoni ijaribu kwa ukucha. Ikibanduka kama ganda la karanga, au ikiwa na viputo virefu na weupe wa ukungu, imechoka. Tangi lililokaa kavu juani miezi mingi huwa hivyo hata kama lilipoachwa lilikuwa zima. Ufa kwenye kioo cha chini ni sababu ya kutonunua kabisa, kwa bei yoyote.

Kuziba upya kunawezekana, na watu hukosea sehemu ileile: wanapaka silikoni mpya juu ya ya zamani. Haishiki. Toa kwa wembe silikoni yote ya ndani, pembe zote, hata zile unazoona ni nzima, kwa sababu mpya na ya zamani zikikutana popote ndipo maji yatakapopita. Usiguse ile iliyo katikati ya kioo na kioo, maana hiyo ndiyo inayoshikilia tangi lisifunguke; ikiwa hiyo ndiyo iliyoharibika, kazi ni ya fundi vioo wa kulibomoa na kuliunga upya. Futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, bandika tepu ya karatasi pande mbili, paka kwa mkupuo mmoja, lainisha kwa kidole, toa tepu kabla haijaanza kukauka. Nunua silikoni ya kawaida ya asilimia 100 inayonuka siki inapokauka. Zile za bafuni zenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki. Ipe siku 7, hata kama kopo linasema saa 24.

Kuhusu stendi nitasema machache. Mbao za kubandikwa huvimba zikinyonya maji, na mchwa wanazipenda. Mimi nilichomelewa stendi ya chuma na kuipaka rangi mara mbili. Weka pima maji pande zote kabla ya kujaza. Tangi lililoinama hubana kioo upande mmoja, na ufa unaotokea mwezi wa sita huonekana hauna sababu.

Pampu inanguruma, maji hayatoki

Mara nyingi haijafa. Ndani ya pampu kuna sumaku yenye mapanga inayozunguka kwenye kijiti cha kauri, na chokaa ya maji ya bahari huganda humo mpaka ikaikaba. Fungua, loweka vipande kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu kwa saa chache, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Kama kijiti kimevunjika utasikia mlio wa kukwaruza, na hapo unahitaji kipuri. Siki hiyohiyo hutoa madoa meupe na ya zambarau kwenye kioo. Usitumie steliwaya, mkwaruzo hautoki.

Jambo moja la hatari: siki na jiki visikutane kamwe, wala kwenye ndoo moja, wala kwenye jiwe ambalo halijasuuzwa. Vinatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lililofungwa linaweza kukuua.

Unahisi umeme ukigusa maji

Zima ukutani kwanza, usichomoe kwa mkono uliolowa. Kisha jaribu kifaa kimoja kimoja kwenye ndoo ya maji, mkono ukiwa nje, na fundi umeme mwenye kipimo awepo. Hita na pampu za zamani hupasuka ganda mahali usipopaona. Kifaa kinachovuja umeme hakitengenezwi, kitupwe. Mwambie fundi afunge kikata umeme cha miliampea 30 kwenye laini ya tangi, na kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Ekstensheni isilale chini ya tangi.

Ndoo ya mchanga inanuka yai viza

Fungua ndoo ya mchanga uliokuja na tangi. Ukiwa na mikanda meusi na harufu ya yai viza, umekaa bila hewa na umetengeneza gesi ya salfaidi, ambayo ni sumu kwa samaki. Umebeba pia mabaki ya chakula na kinyesi cha miaka. Nimeona watu wakiuosha mara kumi ili waokoe fedha. Ushauri wangu ni kuutupa. Mchanga mpya wa chokaa uliooshwa vizuri ni gharama ndogo ukilinganisha na samaki unaowapoteza, na ule wa zamani ukitibuliwa tu utaachia nitrati na fosfati, mabaki yanayolisha mwani, kwa miezi.

Mawe ni suala jingine, maana mawe mazuri yana thamani. Yaliyosafirishwa yakiwa yamelowa na hayanuki yanaweza kuendelea. Yaliyokauka kwenye kiroba yamejaa viumbe waliokufa ndani ya vitundu. Yaloweke kwenye jiki isiyo na manukato, sehemu moja kwa kumi ya maji, siku moja. Suuza sana, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha yaloweke tena kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini hadi harufu iishe. Ukihitaji ya nyongeza, usivunje matumbawe baharini. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viko ndani ya hifadhi, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Pwani yetu ina mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, yaleyale yaliyojenga Mji Mkongwe. Vipande vyenye vitundu vingi, vikishasafishwa udongo, hukaa vizuri sana ndani ya tangi, na hakuna kiumbe kilichouawa.

Maji meupe kama ya kuoshea mchele

Chota kwenye glasi, ngoja saa moja. Masimbi yakitulia chini, ni vumbi la mchanga mpya na litaondoka lenyewe. Viputo vikipanda na glasi ikang'aa ndani ya dakika moja, pampu inavuta hewa mahali. Glasi ikibaki vilevile, ni bakteria waliolipuka kwa sababu kuna kitu kinaoza. Pima amonia siku hiyohiyo.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza nitriti, jingine huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati. Bakteria hao wanaishi kwenye mawe na mchanga, na tangi lililokauka au kuoshwa kwa jiki halina hata mmoja. Unaanza upya, na inachukua wiki 4 hadi 6. Weka kipande cha kamba mbichi kioze humo, pima kila baada ya siku mbili, utaona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti. Samaki wanaingia wakati zote mbili ni sifuri. Kwenye maji ya bahari amonia ni kali kuliko ya mtoni, kwa sababu pH yetu (kipimo cha uasidi wa maji) ni 8.1 hadi 8.4 na joto ni kubwa, na vyote viwili huongeza sehemu yake yenye sumu.

Vipimo vinasema sawa, samaki wanasema hapana

Waamini samaki, kisha kagua vipimo. Chupa za kupimia zilizokuja bure na tangi mara nyingi zimepita muda, na kitu kibaya kuliko kutokuwa na kipimo ni kipimo kinachokuambia sifuri wakati si sifuri. Chumvi hupimwa kwa haidromita au rifraktomita. Haidromita ya mshale ikiwa na kiputo kilichonasa husoma juu. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, igonge kidogo, pima tena. Rifraktomita irekebishwe kwa kimiminiko cha chumvi cha sehemu 35 kwa 1,000. Unachotafuta ni uzito wa 1.025 au 1.026 ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, sawa na bahari yenyewe.

Chumvi inapanda kila wiki

Maji hukauka, chumvi haikauki. Kinachopungua kwa joto na feni kirudishwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila siku kidogo kidogo. Watu wa pwani wengi hufidia kwa dumu la maji ya bahari, na baada ya mwezi tangi lina chumvi kuliko Bahari ya Shamu. Maji ya bomba yana klorini, ya kisima huwa na chumvi na nitrati; tafuta yaliyochujwa kwa mashine ya kuondoa madini. Yale wanayoyaita "maji ya betri" usiyaguse, maana mengine yana asidi.

Maji ya kujazia mara ya kwanza bahari inakupa, ukijua kuchota. Chota maji yakiwa yanajaa, karibu na kilele, na kama unaweza uende kwa mtumbwi mbali na ufuko na mbali na midomo ya mito kama Msimbazi. Wakati wa masika usichote. Mvua hupunguza chumvi na kushusha uchafu wa mji mzima. Chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye pipa lenye mfuniko na pampu ya hewa siku chache, pima, ndipo utumie.

Mwani hauishi

Wa kahawia kama vumbi la kakao, unaofutika kwa kidole, ni wa tangi changa. Unakula silika ya maji na mchanga mpya na huondoka wenyewe kwa wiki kadhaa. Uache.

Utando mwekundu unaobanduka kama ngozi ni bakteria, hupenda mahali maji yamelala. Unyonye kwa mpira, geuza pampu zipige hapo, punguza chakula.

Wa kijani wenye nywele ndio unaovunja watu moyo, na kwenye tangi la mtumba una sababu yake. Mawe yaliyokaa miaka kwenye maji machafu yamenyonya fosfati, na sasa yanaiachia taratibu. Ukipima maji unapata karibu sifuri kwa sababu mwani umeshaila. Ng'oa kwa mkono kila wiki, punguza mwanga hadi saa 6 au 7 kwa siku, badili maji. Ukirudi kwenye mawe yaleyale tu huku mengine yakiwa safi, yatoe hayo mawe, yalaze kwenye pipa la maji ya chumvi gizani yenye pampu inayozungusha, na ubadili maji mpaka kipimo cha fosfati kisipande tena. Yangu matatu yalikaa humo wiki tisa.

Samaki wanahema juu ya maji

Pima joto na amonia, kwa mpangilio huo. Bahari yetu huwa karibu digrii 25 mwezi wa Agosti na karibu 29 mwezi wa Machi. Tangi lililofungwa chini ya taa mwezi wa Februari hufika 32 bila shida, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Fungua mfuniko, elekeza feni juu ya maji, geuza pampu zitikise uso wa maji. Feni hupunguza digrii 2 hivi. Hita iliyokuja na tangi ichomoe kabisa kama unaishi Dar au Mombasa. Kidhibiti chake kikinasa, kitachemsha samaki usiku. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo inayowaokoa, kwa hiyo inunue kabla ya samaki.

Kama joto na amonia viko sawa na bado wanahema kwa kasi, mmulike samaki kwa tochi ubavuni. Vumbi laini la dhahabu ni ugonjwa unaoua kwa siku chache. Mhamishe leo, usingoje kesho.

Vidoa vyeupe vikubwa kama punje za chumvi ni ugonjwa mwingine, *Cryptocaryon*, na samaki aina ya kangaja huupata kwa urahisi kuliko wengi. Ujue jambo moja kuuhusu: vidoa hupotea baada ya siku chache hata usipofanya lolote. Mtu hufurahi. Kumbe kidudu kimeshiba, kimeanguka mchangani, na kinazaa mamia ya wengine. Tiba hufanyika kwenye tangi la pembeni, tupu, lisilo na mawe wala mchanga, na tangi kubwa likae bila samaki wiki 11 ili vidudu vife njaa.

Samaki ni wazima, ila kamba na konokono wanakufa

Sasa narudi kwenye lile jibu la muuzaji.

Wiki ya nane tangi langu lilikuwa zuri. Amonia sifuri, nitriti sifuri, samaki wawili wa anemoni wanakula. Nikaweka kamba msafishaji, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Nilimzoesha maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili. Akashuka kwenye jiwe, akatembeza sharubu zake ndefu, akasimama. Baada ya nusu saa alikuwa amelala ubavu, miguu ikitetemeka kama inahesabu kitu. Kabla ya magharibi alikuwa amekufa. Samaki walikuwa wanazunguka juu yake kama kawaida.

Dalili hiyo ikikutokea, na chumvi na joto viko sawa, fikiria shaba kwanza. Dawa nyingi za vidoa vyeupe ni shaba. Samaki huistahimili kwa kiwango cha tiba, lakini kamba, konokono, kaa na matumbawe hufa kwa kiasi kidogo sana. Na shaba hainaswi na maji tu: mawe na mchanga wa chokaa huinyonya na kuirudisha polepole. Angalia pia viungo vya shaba nyeupe au njano kwenye mabomba ya tangi la chini, lile dogo la kuchujia maji. Fundi bomba huvifunga bila kujua. Nunua kipimo cha shaba. Changu kilionyesha rangi hafifu, lakini si sifuri.

Nilihamisha samaki. Mawe yote yaliyokuja kwenye viroba niliyatoa nje, na sasa yako bustanini. Kioo nilikiosha kwa siki na kukisuuza mara tatu, nikabadili mipira na sponji zote, nikaanza upya kwa mawe ya machimboni na kichujio cha kunasa metali. Kwa mtu ambaye alikuwa amefurahi wiki nane, ilikuwa kazi nzito, lakini hakuna njia ya mkato niliyoiona ikifaulu.

Kipimo kiliposoma sifuri mara nne, wiki moja mbali na nyingine, nilileta kamba wa pili. Siku ya tisa asubuhi nilimkuta amelala mchangani, mwangavu, hasogei, na nilikaa kwenye kiti nikimtazama kwa muda kabla ya kuchukua wavu. Ukikuta hivyo, tazama mgongo. Ukiwa umepasuka na ndani ni tupu, hilo ni gamba alilojivua. Mwenyewe yuko nyuma ya mawe akingoja jipya ligande, na atatoka baada ya siku moja au mbili. Usimtafute kwa kuinua mawe.